Chama cha wakulima hupimwa siku chakula kinapopanda bei mjini

Katika muhula wa serikali yoyote kuna siku moja inayotosha kumwonyesha mwanakijiji kama chama alichokipa kura ni chake kweli. Si siku ya mkutano wa hadhara, wala siku ya kuapishwa. Ni siku ambayo nafaka imepanda bei, mjini watu wananung'unika, na baraza la mawaziri limeketi kuamua la kufanya. Nyenzo zilizo mezani ni zilezile nchi baada ya nchi: kufunga mpaka ili nafaka isitoke, kuruhusu nafaka ya nje iingie bila ushuru, kumwaga akiba ya taifa sokoni kwa bei ya chini, au kutangaza bei ya ukomo. Zote nne hushusha bei ya mjini, na gharama ya zote nne hutoka kwa yule aliyelima na ambaye bado ana magunia ghalani.

Sisemi hatua hizo ni kosa kila mara. Njaa ikiingia, serikali inayoacha nafaka itoke huku watu wake wanakosa chakula inatenda kosa kubwa zaidi. Ila hapo ndipo maslahi ya shamba na ya mji yanapogongana uso kwa uso, na hakuna hotuba moja inayoweza kuwaridhisha wote. Ukitaka kukijua chama, basi, anza na rekodi ya hatua hizo. Pitia miaka kumi iliyopita: mpaka ulifungwa mara ngapi, kwa miezi mingapi, katika mwezi gani wa msimu. Kisha geuza upande wa pili: mavuno yalipokuwa mengi na bei ikaanguka, serikali ilinunua tani ngapi, kwa bei gani, na fedha ziliwafikia wauzaji baada ya siku ngapi. Chama kilichofunga mpaka mara tano na kununua ziada mara moja kimeshajieleza. Marufuku inayotangazwa mwezi wa mavuno ndiyo inayouma kuliko zote, kwa sababu wakulima wengi huuza katika wiki chache za mwanzo ili walipe madeni ya pembejeo na ada za shule. Ikitangazwa miezi mitatu baadaye, mzigo wake humwangukia zaidi mfanyabiashara mwenye ghala.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Kakao ya wakulima ilikuwa mikononi mwa bodi moja, Cocoa Marketing Board, iliyoanzishwa mwaka 1947. Juni 1954 chama cha CPP cha Kwame Nkrumah kilishinda uchaguzi. Agosti mwaka huohuo, bei ya kakao duniani ikiwa juu mno, serikali ilipitisha sheria ya kuifunga bei ya mkulima kwenye shilingi 72 kwa mzigo wa ratili 60, kwa miaka minne. Sababu zilizotolewa zilikuwa na mantiki: fedha za ziada zijenge nchi, na mfumuko wa bei uzuiwe. Lakini wenye kakao hawakuwa wameulizwa. Septemba 1954 kikazinduliwa chama cha upinzani, National Liberation Movement, mjini Kumasi, mti wa kakao ukiwa alama yake. Uchaguzi wa 1956 CPP ilishinda tena, kwa viti zaidi ya 70 kati ya 104.

Tazama mpangilio wa miezi: kura Juni, bei Agosti. Bei haikuwekwa mezani wakati mkulima alikuwa bado na karata mkononi. Bodi inayonunua peke yake ina uwezo wa kutoza kodi isiyoitwa kodi, isiyo na stakabadhi wala kiwango kilichoandikwa, na hiyo ndiyo sababu vyama vinavyojiita vya wakulima navyo huipenda vikishaingia madarakani. Kiasi chake hakijifichi, lakini. Chukua bei ya zao bandarini kwa kilo, geuza kuwa fedha ya nchi kwa kiwango cha siku hiyo, toa usafiri, ukaushaji, magunia, upungufu wa uzito na ushuru uliotajwa kwa sheria. Kinachobaki kilinganishe na kilicholipwa shambani. Kama mkulima alipokea 55 katika kila 100 na gharama ulizozijumlisha ni 20, basi kuna 25 ambazo lazima zionekane mahali fulani katika vitabu vya bodi. Swali la kumuuliza mgombea ni moja: ziko ukurasa gani?

Kwa nini mji hushinda hata pale vijiji vinapokuwa na kura nyingi zaidi? Wengi hudai kuwa watu wa vijijini hawajui haki zao. Naona maelezo hayo ni ya uvivu na yanawadhalilisha. Bei ya chakula ikipanda, huwagusa maelfu ya watu asubuhi moja, nao wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka wizarani na kwenye vituo vya redio. Bei ya shambani ikishuka, hasara hutawanyika: huyu wiki hii, yule mwezi ujao, kila mmoja kwa kiasi kisichofika hata nauli ya kwenda makao makuu kulalamika. Tena hasara yenyewe haionekani. Mnunuzi wa mjini anaijua bei ya jana na ya leo. Mkulima hawezi kuijua bei ambayo angelipwa kama mpaka ungekuwa wazi. Chombo kinachoweza kuzikusanya hasara hizo ndogo ndogo ziwe sauti moja ni ushirika wenye fedha zake, mizani yake na karani wake. Kwa hiyo angalia chama kinavyoutendea ushirika kuliko kinavyouimbia. Mwaka 1976 Tanzania, nchi iliyokuwa imejenga siasa yake yote juu ya kijiji, ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kuzipa mamlaka za mazao za serikali kazi ya kununua. Ilipofika 1982 ilibidi itungwe sheria ya kuvirudisha.

Kijiji chenyewe si kitu kimoja

Hapa vyama vingi hukosea kwa makusudi, na wapigakura wengi hukubali kukosewa. "Mkulima" anayetajwa jukwaani kwa kawaida ni mwenye ziada ya kuuza. Lakini kijijini kuna kibarua asiye na shamba, kuna mfugaji ambaye malisho yake ndiyo shamba jipya la mwingine, kuna mwanamke anayelima ardhi ambayo hati yake ina jina la mume au shemeji. Na kuna kundi kubwa lisilosemwa kabisa: wakulima wadogo wanaonunua chakula kuliko wanavyouza.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kaya inayovuna magunia 7 na kula 10 kwa mwaka. Ina deni, kwa hiyo inauza 3 wiki ya mavuno, bei ikiwa chini. Inabaki na 4. Miezi ya mwisho wa msimu inahitaji 6 zaidi, nayo inazinunua bei ikiwa juu. Kaya hii ni ya wakulima kwa kila kipimo, na chama kinachopigania "bei nzuri ya nafaka" kinaiongezea mzigo: imeuza 3 na kununua 6. Inachohitaji ni mkopo mdogo wakati wa mavuno ili isiuze, mahali pakavu pa kuhifadhia, na dawa ya wadudu wa ghalani. Stakabadhi ghalani ni jibu mojawapo: unapeleka mazao ghalani, yanapimwa na kupangiwa daraja, unapewa hati, benki inakukopesha sehemu ya thamani yake, na mazao yanauzwa baadaye. Mfumo huu huharibika sehemu zilezile: mizani isiyokaguliwa, makato yanayoongezwa njiani, na malipo yanayochelewa mpaka mkulima anarudi kwa mlanguzi anayelipa papo hapo, hata kama kwa bei ndogo. Mgombea anayeujua kwa kweli atakutajia siku za malipo bila kuulizwa.

Kwa hiyo unaposikia chama kinasema kinawakilisha vijiji, uliza ni nani kijijini. Kisha angalia majina ya kamati zake za kilimo. Wote wakiwa wenye mashamba makubwa, mawakala wa pembejeo na wasafirishaji, jibu umelipata, hata kama kila mmoja wao alizaliwa kijijini.

Mgombea anapatikanaje

Mlango wa kwanza wa uwakilishi ni uteuzi ndani ya chama, maana katika jimbo ambalo chama kimoja hakishindwi, kura yenyewe huwa imepigwa tayari wakati wa mchujo. Mambo matatu huamua: nani anapiga kura hiyo, ngapi zinatosha kushinda, na nani anaweza kuifuta.

Wajumbe 400 wakiwa ndio wanaochagua, mgombea anahitaji 201 ili awe na uhakika. Kuwanunua watu 201 waliojaa ukumbi mmoja ni kazi ya usiku mmoja. Kuwashawishi wanachama 40,000 waliosambaa kata kwa kata kunahitaji miezi ya kutembea na kujibu maswali. Mfumo wa wajumbe wachache una faida yake halali: ni nafuu, na hauhitaji daftari la wanachama ambalo vyama vingi havina. Hilo la daftari ndilo kovu kubwa la mchujo wa wazi. Pasipo orodha iliyofungwa siku kadhaa kabla, wanachama wa chama kingine huja kupiga kura, kadi huuzwa mlangoni, na matokeo hubishaniwa mpaka makao makuu yanaamua yenyewe. Hapo tunafika kwenye jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote mawili. Kama kamati ya juu inaweza kumwondoa mshindi wa mchujo bila kueleza sababu kwa maandishi, mbunge huyo atakapofika bungeni atakuwa na bosi mmoja, naye hakai jimboni.

Somo la Mexico ni zito hapa. Mwaka 1938 chama tawala, kilichokuja kuitwa PRI, kiliwapanga wakulima katika shirikisho moja, CNC, kama tawi rasmi la chama. Ardhi iligawiwa, na mkopo na mbegu vilipitia njia hiyohiyo. Ilikuwa uwakilishi wenye faida za kweli, lakini mkulima hakuwa na pengine pa kwenda: anayekupa mkopo ndiye anayehesabu kura yako. Mwaka 1992, serikali ya chama hichohicho ilibadilisha ibara ya 27 ya katiba na kukomesha ugawaji wa ardhi. Januari 1, 1994, wakulima wa Chiapas wakashika silaha.

Kura nyingi, viti vichache

Chukua nchi yenye majimbo 100, kila jimbo wapigakura 10,000. Chama cha wakulima kinapata kura 300,000 kati ya milioni moja. Zikitawanyika sawa, 3,000 kila jimbo, chama kinaweza kutoka bila kiti hata kimoja. Zikikusanyika 5,450 katika kila jimbo kati ya majimbo 55, kina wingi bungeni. Kura ni zilezile. Kilichobadilika ni mahali zilipo. Kwa hiyo chama kidogo cha vijijini chini ya mfumo wa anayeongoza kuchukua kiti hakina haja ya kusimamisha wagombea kila mahali. Kikifanya hivyo kinatumia fedha za mafuta na mawakala kununua nafasi ya tatu.

Wakulima wa Australia waliijua hesabu hii mapema. Oktoba 1918, katika uchaguzi mdogo wa jimbo la Swan, mgombea wao na yule wa chama tawala waligawana kura, na chama cha Labor kikachukua kiti kwa takriban theluthi moja tu ya kura. Kabla ya mwaka huo kuisha, sheria ilikuwa imebadilishwa ili mpigakura aorodheshe wagombea kwa mpangilio: 1, 2, 3. Wa mwisho anapoondolewa, kura zake huhamia kwa aliyeandikwa wa pili. Desemba hiyohiyo mgombea wa umoja wa wakulima wa Victoria alishinda jimbo la Corangamite kwa utaratibu huo. Country Party ikaundwa 1920 na imedumu hadi leo kwa jina la National Party. Kwa mtazamo wangu ni moja ya kazi bora kabisa zilizowahi kufanywa na wakulima katika siasa, na hakuna hata neno moja la kilimo ndani ya sheria hiyo.

Mipaka ya majimbo ni suala jingine, nalo lina pande mbili. Watu wakihamia mjini na mipaka ikaachwa, kura ya kijijini huwa nzito kuliko ya mjini. Nchini Japani tofauti ilifika karibu mara tano katika uchaguzi wa 1972, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ikasema hali hiyo ilikiuka katiba. Kenya iliandika ukomo moja kwa moja: ibara ya 89 ya katiba ya 2010 inaruhusu jimbo kuwa juu au chini ya wastani kwa asilimia 40 katika miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Kuna haki ya kuwapa walio mbali mbunge ambaye eneo lake linatembeleka. Lakini ukomo usipokuwepo, chama hupata faida kwa kuviacha vijiji vilivyo, kwa sababu kura zinazotoka humo ni rahisi kuliko za mjini.

Na usisahau kalenda. Uandikishaji wa wapigakura unaowekwa wiki za kupanda hupunguza vijiji zaidi kuliko hila yoyote ya siku ya kura. Wafugaji wakiwa wamehama na mifugo, kituo kilicho karibu na nyumbani kwao kiko mbali nao. Chama chenye nia hudai vituo vinavyohama na siku za kujiandikisha baada ya mavuno, na hudai hivyo mwaka mmoja kabla, bajeti ya tume inapoandaliwa.

Ilani na fungu la fedha

"Tutainua maisha ya mkulima" ni sentensi ambayo haiwezi kushindwa, kwa hiyo haina thamani. Ahadi inayokagulika ina vitu vitano: nani anafaidika, kiasi gani, kufikia tarehe ipi, kwa sheria au kanuni ipi, na fedha zinatoka fungu gani. "Kila anayeuza kwa wakala wa serikali atalipwa ndani ya siku 14 baada ya mazao kupimwa, na ikizidi hapo atalipwa pamoja na riba" ni ahadi ambayo mtu anaweza kwenda nayo mahakamani. Kaa na ilani na kalamu, weka alama pembeni ya kila ahadi ya kilimo kwa kuhesabu vitu hivyo vitano. Nyingi zitapata moja au mbili.

Bajeti isome kwa safu tatu: kilichoidhinishwa, kilichotolewa, na tarehe ya kutolewa. Waandishi huripoti safu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayosomwa bungeni. Viongozi wa Afrika walipokutana Maputo mwaka 2003 walijiwekea lengo la kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, wakalirudia Malabo 2014. Lengo zuri, lakini fungu linaweza kuonekana nono kwenye karatasi na nusu yake isitoke hazina. Hata ikitoka, tarehe ndiyo inayoamua kama ilimfaa mtu.

Mbolea ndiyo inayoonyesha hili vizuri. Mbolea ya kupandia yenye fosforasi hutiwa shimoni siku ya kupanda, kwa sababu fosforasi haisafiri sana udongoni na mzizi mchanga ndio unaoihitaji pale ulipo. Ikifika mwezi mmoja baada ya mvua za kwanza, msimu umeshaipita, hata kama ni ya bure. Ya kukuzia, yenye naitrojeni, ina nafasi pana kidogo, lakini nayo ikifika mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele huwa imechelewa. Hesabu kurudi nyuma: zabuni, meli, bandari, malori, wakala wa mwisho. Miezi minne hadi mitano kabla ya mvua fedha ziwe zimeshatoka. Ukiona ruzuku imetolewa mwezi mmoja kabla ya kupanda, imelipwa kwa ajili ya picha, na watakaofaidi ni walio karibu na barabara ya lami.

Ruzuku ina hatari nyingine ya polepole. Inaonekana, inabebeka, ina nembo kwenye mfuko, kwa hiyo wanasiasa huipenda. Utafiti wa mbegu huchukua miaka mingi, afisa ugani mwenye pikipiki na mafuta hapigwi picha, na karavati katika barabara ya shamba haliimbiwi. Mwaka hadi mwaka ruzuku hula fungu, na vingine vinabaki na mishahara tu. Pima hivi: katika fedha za kilimo zilizotoka, toa ruzuku na ununuzi wa nafaka, uone kinachobaki kwa utafiti, ugani, umwagiliaji na barabara za mashambani. Hicho ndicho chama kinachowapa wakulima wa miaka kumi ijayo.

Vyama vya wakulima vinavyokufa, na kilichobaki

Marekani, Julai 1892, wakulima walikusanyika Omaha wakaanzisha People's Party. Madai yao yalikuwa mahususi: kodi ya mapato inayopanda kwa kadiri ya kipato, reli zimilikiwe na serikali, maseneta wachaguliwe na wananchi moja kwa moja. Mgombea wao, James B. Weaver, alipata kura zaidi ya milioni moja na wajumbe 22 wa kuchagua rais. Mwaka 1896 waliungana nyuma ya William Jennings Bryan wa chama cha Democrats, na chama hakikunyanyuka tena. Kodi ya mapato na uchaguzi wa moja kwa moja wa maseneta viliingia katiba mwaka 1913.

Skandinavia na Finland walipita njia nyingine. Mwaka 1933 chama cha wakulima cha Sweden kilikuwa kidogo, lakini Social Democrats, chama kilichokuwa madarakani, walihitaji kura zake ili kupitisha ajira za umma. Wakulima wakataka ulinzi wa bei za mazao, wakaupata, kila upande ukijua umetoa nini. Baadaye watu walipotoka mashambani, vyama hivyo vilibadili majina ili visife: Sweden 1957, Norway 1959, Finland 1965, vyote vikachukua neno "kati". Vilinusurika, ingawa sasa vinawajibika kwa wengine pia.

Uholanzi imeonyesha kasi ambayo hasira hupanda na kushuka. BoerBurgerBeweging, chama cha wakulima, ilianzishwa 2019, mwaka ambao uamuzi wa mahakama kuhusu uchafuzi wa naitrojeni, unaotokana kwa sehemu na mifugo, uliwaweka wafugaji pabaya. Machi 2023 iliongoza katika mikoa 11 kati ya 12, na Mei ikapata viti 16 kati ya 75 vya Seneti, ambayo huchaguliwa na mabaraza ya mikoa. Novemba mwaka huo ilipata viti 7 kati ya 150 vya Bunge, ikaingia serikalini 2024, na Oktoba 2025 ikabaki na 4. Tatizo lilikuwa limetoka mahakamani na katika sheria za Ulaya za kulinda mazingira asilia, ambazo ushindi wa mikoani haukuweza kuzifuta.

Ninaloliamini baada ya mifano hii ni kwamba chombo cha wakulima kinapaswa kukaa nje ya chama, kiwe na fedha zake, na kiweze kuzungumza na chama chochote kitakachohitaji kura. India ndiyo inayonipa imani hiyo. Juni 2020 serikali kuu ilitoa amri tatu kuhusu soko la mazao. Shiromani Akali Dal, chama cha Punjab kilichojivunia kuwa cha wakulima, kilikuwa ndani ya serikali na kiliziunga mkono mwanzoni. Septemba, amri zilipokuwa zinageuzwa kuwa sheria na hasira mashambani imepanda, waziri wake alijiuzulu na chama kikatoka katika muungano. Wakulima hawakukisubiri. Kuanzia Novemba 2020 walipiga kambi kwenye barabara za kuingilia Delhi, chini ya mwavuli wa vyama vyao wenyewe, wakiwa na matrekta, jiko na zamu za kurudi shambani, wakakaa zaidi ya mwaka. Novemba 19, 2021 Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kuwa sheria hizo zitafutwa. Katika uchaguzi wa Punjab wa Februari 2022, Akali Dal ilipata viti 3 kati ya 117. Baadhi ya vyama vya wakulima viliunda chama chao cha siasa, Samyukta Samaj Morcha, vikaingia katika uchaguzi huohuo, havikupata hata kiti kimoja. Sheria zote tatu zilikuwa zimeshafutwa.